Kiwanda cha korosho kiharibikie kwanza kwenye kompyuta

Swali la kwanza ninaloulizwa na mtu anayetaka kujenga kiwanda cha kubangua korosho ni bei ya mashine. La pili ni tani ngapi kwa siku. Akishapata majibu hayo mawili anazidisha tani kwa siku za mwaka, anatoa mkopo, na hapo hapo ana faida ya mwaka wa tatu kwenye karatasi. Mimi ni mhandisi wa uzalishaji. Nimezaliwa Newala, mama yangu amebangua korosho kwa mkono, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kupanga laini za viwanda huku kusini. Sijaona kiwanda hata kimoja kilichokwenda kwa hesabu ya namna hiyo.

Tani zinazoandikwa kwenye kipeperushi cha muuzaji ni za mashine moja, ikiwa mpya, ikilishwa korosho za ukubwa mmoja zilizochemshwa sawasawa, na umeme haukatiki. Korosho tunayoipokea sisi imetoka Tandahimba, Nanyumbu, Liwale na Tunduru, kubwa na ndogo zimechanganyika, nyingine ina unyevu kwa sababu mvua iliwahi. Kisu cha mashine kikivunjika, kingine kinaagizwa ng'ambo. Maji ya boila yanapandishwa juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe ni shida ya miaka mingi.

Kwa hiyo nasema hivi. Fedha za umma, mkopo wa benki au mtaji wa ushirika usinunue hata mashine moja ya kiwanda kipya mpaka laini nzima iwe imeendeshwa kwenye kompyuta, msimu baada ya msimu, ikipigwa na matatizo yetu wenyewe. Na mpaka vigezo vya kuchagua muundo wa kiwanda viwe vimeandikwa na kupewa uzito mbele ya watu, kabla bahasha za bei hazijafunguliwa.

Hili si pambo la wasomi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kwa mikopo, ukiwemo wa Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda 12 vyenye mashine za Italia na Japani, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Wakati kuta zinapanda, mavuno yalikuwa yanashuka. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, wakaiacha mikorosho yao mbali. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mashambani. Msimu wa 1986/87 mavuno yote ya nchi yalikuwa kama tani 16,500. Hata kama kila kokwa ingepelekwa kiwandani, isingefika moja ya sita ya uwezo uliojengwa. Vingi vya viwanda vile baadaye vikawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli.

Morogoro tulijenga kiwanda cha viatu katika miaka hiyo hiyo, kwa fedha za Benki ya Dunia pia, kikiwa na mashine za kisasa na matarajio ya kuuza Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Wanaosimulia habari zake hutaja kuta za aluminiamu zisizopitisha hewa katika joto letu. Ni kweli, lakini kuta ni dalili tu. Kiwanda kile kilichorwa kwa ajili ya mahali pengine, kisha kikasimamishwa hapa.

Kwa korosho, deni la kujenga viwanda vinavyotufaa bado tunalo. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000, mengi sana kuliko ya miaka ile ya sifa. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba, kila mtu aliona wazi kwamba viwanda vya kuibangua hapa nchini havikuwepo vya kutosha. Tangu hapo hamu ya kujenga ni kubwa. Ninaifurahia hamu hiyo, na ndiyo maana naandika.

Asiyewahi kuingia kiwandani aifuate korosho moja. Inakaushwa juani na kufika ghalani. Inapangwa kwa ukubwa. Inachemshwa kwa mvuke ili ganda lilegee, kisha inapumzishwa, mara nyingi hadi kesho yake, ipoe na kukauka. Ndipo inabanguliwa, kwa mashine ya kanyagio inayoongozwa na mikono ya mtu au kwa mashine inayojiendesha. Punje inaingia kwenye tanuri kwa saa nyingi. Ikitoka inamenywa ngozi nyembamba ya kahawia, inapangwa madaraja, inafungashwa. Kilo 100 za ghafi zinatoa punje kama kilo 20 hadi 25. Thamani iko kwenye punje nzima: daraja la W320, yaani punje nyeupe nzima kati ya 300 na 320 kwa ratili, bei yake ni tofauti kabisa na ya vipande. Kwa hiyo mashine inayokwenda mbio na kuvunja punje inaweza kukuingiza hasara huku kaunta yake ikionyesha tani nyingi.

Kila hatua inaikabidhi ile inayofuata, na hapo ndipo hesabu ya kuzidisha inapovunjika. Chukua hatua tano zilizounganishwa moja kwa moja, bila nafasi ya kuweka akiba katikati, na kila moja inafanya kazi asilimia 90 ya muda. Laini nzima haifanyi kazi asilimia 90 ya muda. Inafanya kama asilimia 59, kwa sababu ikisimama moja zote zinasimama. Mnunuzi aliyelipia asilimia 90 ameshapoteza theluthi ya kiwanda chake kabla fundi hajakosea chochote.

Wastani nao unadanganya. Kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, kinaweza kuwa na nafasi ya kubeba abiria wote wa siku nzima, na bado asubuhi watu wakasongamana, kwa sababu hawafiki kwa wastani. Katika foleni sahili ya mhudumu mmoja, ambamo kazi inafika na kumalizika kwa kubahatisha, mhudumu akishughulika asilimia 80 ya muda kazi inasubiri, kwa wastani, mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Akifika asilimia 90 inasubiri mara 9. Akifika asilimia 95, mara 19. Meneja anayejisifu kwamba tanuri lake halipumzishwi hata dakika moja ananionyesha, bila kujua, mahali ambapo punje zake zinaharibika.

Simulesheni ni njia ya kuyaona haya kabla ya kumwaga zege. Si jambo geni: mwishoni mwa miaka ya 1950 K. D. Tocher alikuwa ameshaanza kuandika programu za namna hiyo katika kampuni ya chuma huko Uingereza, ili kuona tanuri na kreni zinavyosubiriana. Unaiambia kompyuta kila kreti inafika lini, kila hatua inachukua muda gani. Huipi muda mmoja. Unaipa wingi wa nyakati ulizopima, fupi na ndefu, na yenyewe inachagua kwa kubahatisha humo. Unaiambia mashine huharibika kila baada ya saa ngapi na spea huchukua wiki ngapi kutoka bandarini, umeme hukatika mara ngapi na kwa muda gani, wafanyakazi hupungua siku zipi. Kisha unaendesha msimu mzima kwa dakika chache, unauendesha tena, mamia ya mara, na kila mara bahati ni nyingine. Mwisho huna namba moja. Una picha ya misimu mizuri na mibaya, na unajua mibaya inakujaje.

Nilipata kuitwa katika kiwanda ambacho uongozi wake ulikuwa umeshakubaliana kuongeza mashine za kubangua. Walitaka niwaambie ziwekwe wapi. Niliomba kwanza kupima, nikashinda na saa mkononi karibu na wanawake wa kila hatua. Wabanguaji walikuwa wanakwenda vizuri. Waliokuwa nyuma ni wamenyaji, na nilipouliza kwa nini, mama mmoja wa makamo hakuinua hata macho. "Mwanangu, korosho iliyolala haimenyeki."

Sentensi ile ilikuwa na maana kuliko daftari langu lote. Punje ikitoka kwenye tanuri ni kavu na ngozi yake inapukutika. Ikikaa usiku kucha katika hewa ya pwani inanyonya unyevu, ngozi inashika, mmenyaji anatumia kisu, punje inavunjika na muda unaongezeka. Muda ukiongezeka foleni inakua, foleni ikikua korosho nyingi zaidi zinalala. Niliiweka kanuni hiyo kwenye modeli: kadiri punje inavyosubiri, ndivyo kuimenya kunavyochukua muda na ndivyo inavyovunjika. Matokeo yakawa wazi. Kuongeza mashine za kubangua kuliongeza vipande. Kilichopandisha idadi ya punje nzima ni kubadili ratiba ya tanuri ili mzigo utoke asubuhi mikononi mwa wamenyaji, na kuongeza meza za kumenya. Gharama yake ilikuwa ndogo sana.

Mashine zilinunuliwa hata hivyo. Fungu la bajeti lilikuwa limeshapitishwa kwa jina la mashine, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi kwenye bodi kuomba meza. Nimesikitika kwa ajili ya kiwanda kile kuliko ninavyoweza kuandika hapa, kwa sababu wale akina mama hulipwa kwa kilo ya punje nzima.

Tukio lile linanipeleka kwenye nusu ya pili ya hoja yangu. Kompyuta inaweza kukuonyesha kila muundo utakavyofanya kazi. Haiwezi kukuambia unataka nini. Kiwanda cha mashine zinazojiendesha kinatoa tani nyingi, kinaajiri watu wachache, kinategemea umeme na spea za nje. Kiwanda cha kanyagio kinaajiri mamia, kinaokoa punje nzima kama mikono ni mizoefu, kinaendelea hata umeme ukikatika, lakini hakikui haraka. Kuna cha kati: kupanga ukubwa, kuchemsha na kukausha kwa mashine, kubangua kwa mashine za kanyagio, kumenya na kupanga madaraja kwa mikono. Kipi ni bora?

Tuvipe alama kwa mfano tu, juu ya 10, kwa vigezo vitatu: wingi wa uzalishaji, punje nzima, na uvumilivu wa kukatika umeme. Kanyagio lipate 4, 8 na 9. Mashine zinazojiendesha 9, 6 na 3. Mchanganyiko 7, 8 na 6. Wingi ukipewa uzito wa asilimia 60 na vingine 20 kila kimoja, mashine zinazojiendesha zinashinda kwa 7.2, mchanganyiko unapata 7.0, kanyagio 5.8. Wingi ukiwa 40 na vingine 30 kila kimoja, mchanganyiko unashinda kwa 7.0 ile ile. Wingi ukishuka hadi 20 na vingine vikawa 40 kila kimoja, kanyagio linaongoza kwa 7.6 na mashine zinazojiendesha zinabaki na 5.4. Hakuna alama hata moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni uzito, na uzito huwekwa na watu.

Ndiyo maana nataka ujulikane. Katika vikao vingi uzito upo, ila haujaandikwa. Upo kichwani mwa aliyealika muuzaji, na unajitokeza baada ya bei kusomwa, pale anaposema kwamba kwa kweli uzalishaji ndio muhimu zaidi. Ukiandikwa na kusainiwa mapema, mtu huyo atalazimika kueleza kwa nini anaubadilisha. Na tuangalie pia jambo jingine katika mfano wangu: mchanganyiko ulipata 7.0 kwa mpangilio wowote wa uzito kati ya hiyo mitatu. Kwa nchi ambayo bei ya korosho, mvua na sera hubadilika kila msimu, muundo usioyumba una thamani ambayo mshindi wa siku moja hana. Ukifanya hesabu hizi utaliona hilo. Usipozifanya hutaliona.

Njia za kuupata uzito zipo. Thomas Saaty, mwanahisabati mzaliwa wa Mosul, katika miaka ya 1970 alianzisha utaratibu wa kuwauliza watu vigezo viwili viwili: hiki na hiki, kipi kina maana zaidi kwako, na kwa kiasi gani? Majibu yanageuzwa kuwa uzito, na hesabu yenyewe inakuonyesha kama mtu amejipinga. Nimeutumia na mafundi ambao hawajawahi kukaa kwenye kikao cha bodi. Fundi wa zamu ya usiku akiulizwa kati ya kasi ya mashine na kupatikana kwa spea, hasiti. Anajua nani huamshwa saa tisa usiku beringi ikilia.

Kuna vitu ambavyo visiwekwe kwenye mizani kabisa. Mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi. Vidole vya mama yangu vilikuwa na madoa meusi ambayo hayakutoka mpaka alipoacha kazi. Hesabu ya kujumlisha alama inaruhusu muundo unaounguza mikono ya watu ufidie dhambi hiyo kwa tani nyingi, na hapo hesabu inakuwa chombo cha kuficha. Usalama wa mikono, moshi wa boila inayochoma maganda, maji yanayochukuliwa kwa wanakijiji: hivi viwekewe mpaka, na muundo usiofika mpaka huo uondolewe kabla ya alama kuanza kuhesabiwa.

Huwa naambiwa kwamba hatuna takwimu. Tunazo, ziko kwenye madaftari. Kila kiwanda nilichoingia kina daftari la jenereta lenye saa ya kuwashwa na kuzimwa, daftari la stoo lenye tarehe spea ilipoombwa na ilipofika, na karatasi za malipo zinazoonyesha kila mbanguaji alileta kilo ngapi siku gani. Ushirika una kumbukumbu za mizigo ya mnada tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimechunguza mkorosho kwa miongo mingi na kinajua mavuno yanavyopanda na kushuka. Kijana mwenye kompyuta mpakato, programu ya bure kama SimPy au JaamSim, na miezi michache ya kukaa kiwandani anaweza kuifanya kazi hii. Vyuo vyetu vinatoa vijana hao kila mwaka, na wengi wao hawajawahi kupewa kiwanda halisi wakipime.

Pingamizi lenye nguvu ni jingine. Programu hizi huchora vizuri, visanduku vya rangi vinatembea kwenye skrini, na mkubwa anayevitazama anaamini anaona kiwanda. Nimeona muuzaji akitumia katuni ya namna hiyo kuuza. Kinga yake ni moja: modeli ianze kwa kuiga kiwanda kilichopo. Ipewe takwimu za msimu uliopita na itoe, kwa kukaribia, tani, vipande na foleni zilizotokea kweli. Isipoweza, isisikilizwe kuhusu kiwanda kijacho. Na mtu anayeuza mashine asiwe ndiye anayeiandika.

Faida nyingine hupatikana njiani, nayo ni nafasi. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi ambayo kila mchora ramani wa kiwanda angepaswa kuwa nayo: mzigo uliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Ukiingiza tani 5 za ghafi kwa siku, na kutoka kuchemshwa hadi kufungashwa ni siku 3, ndani ya jengo lako muda wote kuna mzigo wa tani 15 za ghafi katika hatua mbalimbali. Utakaa wapi? Nimeona michoro ya majengo yenye ofisi nzuri na mahali pa mashine, lakini hakuna mahali pa kreti.

Ninachoomba kinaweza kuingia kwenye nyaraka za zabuni bila sheria mpya. Upembuzi yakinifu wa kiwanda chochote cha korosho kinachoguswa na fedha za umma uwe na modeli ya laini nzima iliyopimwa dhidi ya kiwanda kinachofanya kazi, pamoja na takwimu zake, ili mhandisi mwingine aweze kuiendesha upya. Uonyeshe kinachotokea mavuno yakishuka nusu, umeme ukikatika kama ulivyokatika mwaka mbaya kuliko yote kwenye daftari la jenereta, na spea ikichelewa miezi miwili. Jedwali la vigezo na uzito wake libandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa chama cha msingi kabla ya bei kufunguliwa. Na miongoni mwa watakaolisaini, pamoja na mkurugenzi na mtu wa benki, awepo fundi mmoja wa zamu na mmenyaji mmoja.